JAMES CHAPIN NA TAUSI WA MSITU WETU

Wengi kati yetu tunajua sana kutupia ndege mawe katika bustani ya masomo, lakini ukituuliza majina yao tunajibu tu kwamba ni ndege. Basi mara hii tunawaelezea maisha ya mtu mmoja ambaye ndege wa kwetu alimsumbua kichwa miaka 23.

James Chapin alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1889. Tangu utoto alipenda kuangalia ndege, na alipokuwa na miaka 16 alianza kazi katika makumbusho makubwa ya mji ule. Mwaka 1909 wakamtuma Kongo pamoja na Herbert Lang, hasa kutafuta okapi. Alikuwa na miaka 19, ndiyo kusema rika letu sisi wa darasa la sita! Walipanda mto mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani yetu ya leo, halafu wakaingia msituni kwa miguu pamoja na wapagazi. Kazi ile ilidumu zaidi ya miaka mitano.

Mwaka 1913, kule Avakubi kwenye mto Ituri, Chapin aliona kofia ya mtu wa pale, imepambwa manyoya. Unyoya mmoja ukamshinda: rangi ya udongo mwekundu, na mistari myeusi. Akautunza.

Alirudi kwao mwaka 1915, akasoma chuo kikuu cha Columbia, akaandika kitabu kikubwa juu ya ndege za Kongo, mafungu manne, kuanzia 1932 mpaka 1954.

Mwaka 1936 alikuwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Juu ya kabati akaona ndege wawili waliokaushwa, wamejaa vumbi. Karatasi yao ilisema ni tausi wadogo wa Bara Hindi. Kumbe jike alikuwa na unyoya ule ule! Watu walipita karibu nao miaka mingi bila kuangalia vizuri. Chapin akampa ndege jina Afropavo congensis. Wataalamu walishangaa, maana tausi wengine wote ni wa Asia.

Mwaka 1937 akarudi tena huku kwetu, na wawindaji wakamsaidia kumpata porini. Dume ni wa buluu na kijani, ana kishungi cheupe, lakini hana ule mkia mrefu. Jike ana rangi ya udongo, na mgongo wa kijani.

Hapa tufikiri kidogo. Vitabu vinasema ndege huyu alivumbuliwa mwaka 1936. Lakini mwenye kofia je? Yeye alimjua zamani. Elimu ya wazee wetu haikuandikwa, ndiyo sababu sifa yote ilikwenda kwa Chapin, hata kama yeye mwenyewe alifundishwa na unyoya wa kofia ile.

Chapin alikufa mwaka 1964. Tausi wake anaishi porini katika Kongo peke yake, na sheria inamlinda, lakini mtego wa waya hausomi sheria.

Kwa hiyo tunaomba kila darasa lifungue kaye moja. Ukiona ndege, hapa bustanini ao safarini wakati wa likizo, andika siku, mahali, rangi, na jina ambalo babu na nyanya wanamwita. Mawe tuyaache chini.