Glückel wa Hameln, Mjane Aliyewaandikia Wanawe

Wasomaji wetu wanaikumbuka habari ya mzee Yakobo, jinsi alivyowabariki wajukuu wake Efraimu na Manase kabla ya kufa. Hata leo, katika nyumba za Wayahudi washikao desturi, Sabato inapoingia mzazi humwekea mwanawe mikono kichwani na kumwombea awe kama hao wawili. Binti huombewa awe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Lakini watoto hukua, wakaoa na kuolewa mbali, na mikono ya mzazi haiwafikii tena. Glückel wa Hameln aliyaona hayo, akaamua kuwafikia kwa kalamu.

Alizaliwa mjini Hamburg, Ujerumani, yapata mwaka 1646. Alikuwa bado mtoto mdogo jamaa zake walipofukuzwa mjini pamoja na Wayahudi wenzao. Wakahamia Altona, uliokuwa chini ya mfalme wa Denmark, nao hawakuweza kuingia Hamburg kufanya biashara ila kwa hati ya ruhusa. Na mara nyingi njiani walipigwa. Akiwa na miaka 14 tu aliolewa na Chaim, kijana wa Hameln, mfanyabiashara wa dhahabu na lulu. Chaim hakufanya shauri lolote bila kumwuliza mkewe, wala hakukubali biashara imkatishe sala zake na saa yake ya kusoma Torati. Wakazaa watoto 14, na 12 kati yao walifikia utu uzima.

Mwaka 1689 Chaim alianguka juu ya jiwe lenye ncha kali alipokuwa akienda kwenye shughuli zake, na baada ya siku chache akafariki dunia. Alipoulizwa ana wosia gani, alijibu kwamba mkewe ayajua yote, na aendelee kutenda kama alivyotenda siku zote. Basi mjane akabaki na madeni ya kulipa, na nyumbani watoto wanane wasiooa wala kuolewa. Alilipa madeni yote. Akafungua kiwanda cha soksi, akasafiri mpaka kwenye masoko makubwa ya Leipzig na Braunschweig, akawaoza watoto mmoja mmoja. Mchana kazi ilimsahaulisha. Usiku majonzi yalimrudia na usingizi ukamkimbia. Ndipo mwaka 1691 alipoanza kuandika, kwa Kiyidi, lugha yenye asili ya Kijerumani iandikwayo kwa herufi za Kiebrania.

Mapema katika kitabu chake aliweka hadithi ya ndege aliyekuwa akiwavusha makinda wake watatu baharini kwa makucha yake, mmoja mmoja, huku dhoruba ikivuma. Katikati ya maji alimwuliza wa kwanza kama naye atamtunza baba yake uzeeni. Kinda akaahidi kila jema, na ndege akamwachia baharini, akimwita mwongo. Wa pili naye vivyo hivyo. Wa tatu akajibu kwamba hawezi kuahidi hayo, bali aweza kuahidi jambo moja: atakapopata watoto wake mwenyewe, atawatendea yote aliyotendewa. Huyo akavushwa salama.

Msomaji aliyezoea kusikia kwamba mtoto ndiye mtunza mzazi atashtuka, na sisi pia twaiona hadithi hii kuwa kali. Walakini mama huyu hakuwa akiwafundisha wanawe kuwadharau wazee. Alitaka wajue kwamba mema waliyopokea si mali yao ya kukaa nayo. Aliwahimiza watenge saa za kusoma Torati, na wawe waaminifu katika biashara, kwa Myahudi na kwa asiye Myahudi, kwa maana hilo ndilo swali la kwanza mtu atakaloulizwa mbele ya Mungu. Wala hakuwaficha aibu za jamaa. Aliandika juu ya mwanawe Leib aliyezama katika madeni, na juu ya baba mkwe wake ambaye, alipodanganywa na habari za Sabbatai Zevi, masiya wa uongo wa mwaka 1666, alituma Hamburg mapipa ya nguo na vyakula vikavu tayari kwa safari ya Nchi Takatifu. Mapipa yakangoja zaidi ya mwaka mzima.

Mwaka 1700 aliolewa tena, na Hirsch Levy, tajiri wa Metz, hasa kwa hofu ya kuwalemea watoto wake. Baada ya miaka miwili tajiri huyo akafilisika, na mali ya mkewe ikapotea pamoja na yake. Alipokufa mwaka 1712 Glückel hakuwa na kitu. Kwa muda alikataa kwenda kukaa kwa binti yake Esther, mle mle Metz, lakini mwaka 1715 ugonjwa na umaskini vilimlazimisha. Huko alipewa chakula kilicho bora kuliko vyote, na alipochelewa kurudi adhuhuri, sehemu yake iliwekwa. Haya pia aliyaandika, kwa shukrani na kwa mshangao kidogo.

Alifariki mwaka 1724. Mwandiko wa mkono wake umepotea. Uliosalimika ni ule ulionakiliwa na mwanawe Moses, rabi wa Baiersdorf, ambao wajukuu waliurithishana mpaka ulipopigwa chapa mwaka 1896.