CHRISTOPHER OKIGBO NA MARAFIKI ALIOWAACHA

Kalamu yangu mwaka huu imesafiri mbali hadi Afrika Magharibi, nchini Nigeria. Huko nimemwendea mtu asiyetajwa sana madarasani, ingawa rafiki yake sote tunamjua. Rafiki mwenyewe ni Chinua Achebe, yule aliyetuandikia habari za Okonkwo, katika kitabu ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Shujaa Okonkwo. Ninayemsimulia mimi ni Christopher Okigbo, mshairi. Nimemchagua kwa kuwa maisha yake yanaonyesha jinsi urafiki wa waandishi unavyoweza kuwa mtamu kama asali, na jinsi unavyoweza kumtoza mtu gharama kubwa.

Okigbo alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Ojoto, karibu na mji wa Onitsha, mashariki mwa Nigeria. Baba yake alikuwa mwalimu katika shule za misheni ya Kikatoliki. Upande wa mama, babu yake alikuwa kuhani wa Idoto, mungu wa kike wa mto wa pale kijijini, na jamaa zake walimhesabu Christopher kuwa ni babu huyo aliyerudi duniani. Basi kijana akakua akiwa na kanisa mkono mmoja na mto mkono wa pili. Baadaye alipoanza kutunga, vyote viwili viliingia katika mashairi yake.

Alisoma katika Shule ya Serikali ya Umuahia. Achebe naye alisoma hapo hapo, akiwa mbele yake kidato. Okigbo alipenda sana michezo, hasa kandanda na kriketi. Kutoka Umuahia wote wawili walikwenda Chuo Kikuu cha Ibadan, na hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Achebe aliingia chuoni asomee udaktari, akaacha. Okigbo akaja nyuma yake asomee udaktari vile vile, naye akaacha! Achebe alikwenda kwenye fasihi, historia na dini. Okigbo akachukua Kilatini na Kigiriki, akahitimu mwaka wa 1956. Hospitali zikakosa madaktari wawili, sisi tukapata waandishi wawili.

Okigbo hakuwa mtu wa kutulia mahali pamoja. Alifanya kazi katika kampuni za biashara, akafundisha shule ya sekondari huko Fiditi, akawa mkutubi katika chuo kikuu cha Nsukka, kisha akawa mwakilishi wa kampuni moja ya Uingereza ya kuchapisha vitabu. Piano nayo alikuwa akiipiga vizuri. Wole Soyinka alipopanda jukwaani kuimba mbele ya watu kwa mara ya kwanza, aliyekaa kwenye piano ni Okigbo.

Sasa hebu tuje kwenye utamu wenyewe. Mwaka wa 1961 kilianzishwa chama huko Ibadan kilichoitwa Mbari. Humo mlikuwa na Achebe, Soyinka, Okigbo, J. P. Clark, wachoraji, na watu wa maigizo. Walikuwa vijana tupu, wengi hawajafikisha miaka thelathini na mitano. Mbari haikuwa ya porojo tu. Chama hicho kilichapisha vitabu. Diwani ya kwanza ya Okigbo, Heavensgate, ilitoka Mbari mwaka wa 1962, na mashairi ya Clark na tamthilia za Soyinka zilitoka huko huko. Hebu fikirini, ndugu zangu: rafiki zako ndio wasomaji wako wa kwanza, ndio wachapishaji wako, na ndio watakaokuambia mstari huu umelala, uamshe.

Marafiki hao walifika hata huku kwetu. Mwezi wa Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana katika Chuo cha Makerere, Kampala. Achebe, Soyinka, Clark na Okigbo walikuwapo. Pale pale Ngugi wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi, alimpa Achebe mswada wake ausome. Na tena Okigbo aliendelea kushikamana na Kampala, kwani alikuwa mhariri wa Afrika Magharibi wa jarida la Transition lililokuwa likitoka huko, na baadhi ya mashairi yake makubwa yalisomwa kwanza katika jarida hilo. Kwa hivyo mtu akiniuliza huyu Mnigeria ametuhusu nini, jibu ninalo.

Kuna kisa kinachoonyesha jinsi walivyosomana kwa makini. Achebe alipoandika riwaya ya A Man of the People, Clark aliisoma kabla haijaenea, akamwambia mwenzake kwamba kila lililomo limekwisha kutokea nchini isipokuwa mapinduzi ya kijeshi. Mapinduzi hayo yalitokea 15 Januari 1966, wakati riwaya ndiyo kwanza inatoka. Mwaka huo huo Okigbo alipewa tuzo ya ushairi katika tamasha la sanaa za watu weusi huko Dakar, akaikataa, kwa kuwa hakukubali ushairi ugawanywe kwa rangi ya ngozi.

Lakini mwaka wa 1966 ndio ulioanza kudai malipo. Baada ya mapinduzi, Waigbo wengi waliuawa kaskazini mwa nchi. Achebe akalazimika kuiondoa familia yake Lagos na kurudi mashariki. Okigbo naye akarudi. Tarehe 30 Mei 1967 mashariki ilijitangaza kuwa nchi ya Biafra, na mwezi wa Julai vita vikaanza. Kundi la Mbari likapasuka. Soyinka alikwenda mashariki kutafuta njia ya kuzuia umwagaji damu, na aliporudi akakamatwa na serikali ya Nigeria, akawekwa kizuizini hadi 1969. Clark alibaki upande wa serikali, na urafiki wake na Achebe ukaingia baridi kali. Vijana waliokuwa wakisomeana mashairi sasa walitenganishwa na mstari wa mbele wa vita.

Achebe na Okigbo walikuwa pamoja mjini Enugu. Katikati ya balaa hilo walifanya jambo ambalo mimi nalistaajabia mpaka leo: walianzisha kampuni ya kuchapisha vitabu, wakaiita Citadel Press. Walitaka watoto wa kwao wapate hadithi za kwao. Mswada wa kwanza walioushughulikia ulikuwa hadithi ya wanyama iliyoletwa na John Iroaganachi. Achebe akaifinyanga upya, Okigbo akatia shairi lake ndani.

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo penye fundo la hadithi. Okigbo alikuwa ameamua kuingia jeshini, lakini hakumwambia Achebe. Alibuni hadithi ndefu kwamba ametumwa Ulaya kwa shughuli ya siri, na Achebe akaamini. Achebe mwenyewe alieleza baadaye kwamba mwenzake alificha kwa sababu alijua angezuiwa, na kwamba kweli huenda angejaribu kumzuia.

Katika mwezi wa pili wa vita ndege iliiangushia bomu nyumba aliyokuwa akiishi Achebe mjini Enugu. Watu walijaa kutoa pole na kumshukuru Mungu kwamba familia imesalimika. Okigbo alikuwa katika umati huo. Hawakupata nafasi ya kusemezana zaidi ya neno moja au mawili, kisha Okigbo akapotea kati ya watu. Hawakuonana tena. Aliuawa vitani karibu na Nsukka mwaka huo huo wa 1967, akiwa na cheo cha meja. Nsukka ndiko alikokuwa mkutubi. Alimwacha mke na binti mdogo.

Achebe alizipata habari hizo kutoka kwenye redio ya gari akiwa njiani. Akasimamisha gari kando ya barabara. Alipofika nyumbani na kuwaeleza jamaa zake, mwanawe mdogo wa kiume, mtoto wa karibu miaka mitatu, alilia akimwomba baba yake asimwache Okigbo afe. Je, mzazi atamjibu nini mtoto huyo?

Jibu la Achebe lilichukua miaka. Vita viliisha Januari 1970, na jengo la Citadel Press lilikuwa limebomolewa. Mswada wa ile hadithi ya wanyama ulisalimika, ukatoka mwaka wa 1972 kwa jina la How the Leopard Got His Claws, na shairi la Okigbo limo ndani. Kabla ya hapo, mwaka wa 1971, mashairi makuu ya Okigbo yalikuwa yamekusanywa katika Labyrinths. Kisha mwaka wa 1978 Achebe pamoja na Dubem Okafor walitoa kitabu cha mashairi ya kumlilia Okigbo, wakakiita Don't Let Him Die. Kile kilio cha mtoto ndicho kilichokuwa jina la kitabu.

Mwana wa Mombasa, Profesa Ali Mazrui, alitoa riwaya mwaka wa 1971 iitwayo The Trial of Christopher Okigbo. Humo Okigbo anashtakiwa ahera kwa kutanguliza kabila lake na kusahau sanaa yake, na anayemtetea ni Mkenya, Hamisi. Ni kesi nzuri kwa mdahalo wa chama chetu. Lakini mimi ningekuwa mwendesha mashtaka ningeongeza shtaka jingine: kumdanganya rafiki. Okigbo alimnyima Achebe nafasi ya kumshika mkono na kumwambia usiende. Achebe, aliyefariki mwaka wa 2013, aliishi zaidi ya miaka arobaini na tano bila kujua kama maneno yake yangetosha.

Nikipewa nafasi ya kumtetea, nitasema hivi. Mtu hajisumbui kumficha jambo yule ambaye neno lake halimzuii. Kule kudanganya ni ushahidi kwamba Achebe alikuwa na nguvu juu yake. Hata hivyo sioni kwamba utetezi huo unafuta shtaka. Rafiki wa kweli ana haki ya kujaribu kutuzuia, na sisi tuna wajibu wa kumsikiliza kabla ya kwenda zetu.

Nimalizie kwa jambo moja. Mwaka wa 1986 mshairi mwingine aliyekuwa jenerali, Mamman Vatsa, alihukumiwa kifo nchini Nigeria kwa kosa la kupanga mapinduzi. Achebe, Soyinka na Clark, wale wale waliotawanywa na vita, walikwenda pamoja kwa mtawala wa kijeshi kumwombea asiuawe. Hawakufaulu, Vatsa alipigwa risasi mwezi wa Machi. Wazee hao watatu waliopita mlangoni kwa mtawala walikuwa wanne wakati wa Mbari, na mimi nina hakika kila mmoja wao alimkumbuka aliyekosekana. Safari hii, angalau, walipata nafasi ya kujaribu.