HENRY DERINGER: Fundi wa bastola za mfukoni aliyepigania jina lake mahakamani

USIKU wa Aprili 14, 1865, Rais Abraham Lincoln wa Marekani alipigwa risasi akiwa ameketi na mkewe katika ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Ford's Theatre, jijini Washington. Alifariki dunia asubuhi iliyofuata. Bastola iliyotumiwa na muuaji, John Wilkes Booth, ilikuwa ndogo kiasi cha kufichwa kiganjani. Urefu wake haukufika inchi sita, uzito ulikuwa chini kidogo ya robo kilo, na ilifyatua risasi moja tu.

Ilikuwa bastola ya Henry Deringer, fundi wa jijini Philadelphia. Mzee huyo hakuhusika kwa lolote na mauaji hayo. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 78, na alikuwa na kesi yake mwenyewe huko California, upande wa pili wa nchi. Huko, wafanyabiashara wengine walikuwa wakiuza bastola zenye jina lake ambazo yeye hakuzitengeneza.

Mtu huyu alijua kutengeneza bidhaa bora na kuitafutia soko, lakini alichelewa kuona kuwa mali yake kubwa kuliko zote haikuwa chuma wala mashine, bali jina lililogongwa juu ya chuma hicho.

Mtoto wa fundi

Deringer alizaliwa Oktoba 26, 1786 katika mji wa Easton, jimbo la Pennsylvania. Baba yake, ambaye naye aliitwa Henry Deringer, alikuwa mhamiaji kutoka nchi za Wajerumani na fundi wa bunduki ndefu, zile zilizotumiwa na wawindaji na walowezi. Kijana alikulia katika kazi hiyo, kisha akapelekwa Richmond, Virginia, kujifunza zaidi kwa fundi mwingine.

Mwaka 1806, akiwa na umri wa karibu miaka 20, alifungua karakana yake Philadelphia. Mji huo ulikuwa na bandari, wafanyabiashara wenye mitaji na mafundi wengi wa chuma. Aliishi na kufanya kazi humo hadi mwisho wa maisha yake.

Mteja wake mkubwa wa kwanza alikuwa serikali. Alipata mikataba ya kutengeneza bastola na bunduki za jeshi, zikiwamo bunduki za muundo wa mwaka 1817. Aidha, alitengeneza bunduki ambazo serikali iliwapa wenyeji asilia wa Amerika kama sehemu ya malipo ya mikataba ya kuchukua ardhi yao.

Kazi za serikali zilimpa uhakika wa soko na kumwezesha kuwa na mafundi wengi kuliko angemudu kwa wateja wa rejareja. Hata hivyo, mteja mmoja mkubwa ana hasara zake. Yeye ndiye anayepanga muundo, idadi na bei, na bidhaa ya muundo mmoja inaweza kuagizwa kwa fundi yeyote anayeufuata. Kufikia katikati ya miaka ya 1840, Deringer aliachana na mikataba ya jeshi na kuelekeza nguvu zake kwa wateja wa kawaida.

Bidhaa iliyojibu haja ya mteja

Wateja hao walikuwa wengi. Wacheza kamari, wafanyabiashara waliosafiri na fedha kwa meli za mvuke kwenye mto Mississippi, wanasiasa na wenye maduka walitaka silaha ya kujilinda isiyoonekana chini ya koti. Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, maelfu ya watu walikimbilia huko, mahali ambapo polisi walikuwa wachache na fedha nyingi zilitembea mikononi mwa watu.

Bastola ya Deringer ilishindiliwa kwa mdomoni kama gobore: baruti kwanza, kisha risasi, halafu fataki ndogo ikawekwa nyuma ili ipigwe na nyundo. Mpini ulikuwa wa mti wa walnati. Ndani ya mtutu mlikuwa na mifuo ya kuizungusha risasi ili iende sawa. Risasi yenyewe ilikuwa nene, kwa kawaida yenye kipenyo cha karibu milimita 10, kubwa kwa silaha ndogo kiasi hicho.

Mnunuzi wa wakati huo alikuwa na uchaguzi wa kufanya, na uchaguzi huo haukuwa rahisi. Bastola za Deringer zilitofautiana kwa urefu wa mtutu, kuanzia chini ya inchi mbili hadi karibu inchi sita. Yenye mtutu mfupi iliingia katika mfuko wa kizibao bila kuonekana, lakini ilifaa kwa umbali wa hatua chache tu, kama upana wa meza au chumba. Alama zake za kulengea zilikaribiana mno, mpini ulishikwa kwa vidole vichache, na teke lake lilikuwa kali. Yenye mtutu mrefu ililenga vizuri zaidi na ilimfaa mtu aliyetaka kupiga shabaha, ila ilikuwa vigumu kuificha.

Jambo la pili lilikuwa idadi ya risasi. Mpinzani mkubwa wa Deringer sokoni, Samuel Colt, aliuza bastola ya mfukoni ya muundo wa mwaka 1849, iliyokuwa na kasha la kuzunguka na kufyatua risasi tano au sita mfululizo. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa kwa mwenye kuogopa kukosea mara ya kwanza. Lakini ilikuwa na uzito wa zaidi ya nusu kilo, kasha lake lilituna mfukoni, na risasi zake zilikuwa nyembamba. Deringer alijibu upungufu wake kwa njia rahisi ya kibiashara: bastola zake ziliuzwa mbilimbili, ili mteja awe na risasi ya pili katika mfuko wa pili.

Tofauti ya watu hao wawili haikuishia kwenye bidhaa. Colt alipata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1836 na akaitumia kuwashinda mahakamani waliomuiga, hadi muda wake ulipokwisha mwaka 1857. Kiwanda chake cha Hartford kilitumia mashine, na bastola zake za mwaka 1849 zilizidi 300,000. Deringer alibaki na karakana ya mafundi wa mikono. Kwa miaka yote, bastola zake zinakadiriwa kufikia 15,000 hivi.

Zaidi ya hayo, hakuchukua hataza kwa bastola yake ya mfukoni. Mtu yeyote aliruhusiwa kutengeneza yenye umbo kama hilo, na wengi walifanya hivyo. Kilichomfanya mteja atoe fedha zaidi kwa Deringer halisi ni sifa yake: mtutu ulionyooka, mtambo usiokwama na umaliziaji safi. Mteja hakuwa na muda wala ujuzi wa kufungua mtambo dukani. Alitazama jina na mji vilivyogongwa kwenye chuma, akalipa.

Waigaji waingia sokoni

Kwa kuwa masoko yake yalikuwa mbali, Deringer aliuza kupitia mawakala. Baadhi ya bastola zilizokwenda San Francisco na Memphis ziligongwa jina la wakala karibu na jina lake. Utaratibu huo ulimpa soko, lakini mtengenezaji na mnunuzi wa mwisho hawakuonana. Katika nafasi hiyo ndipo waigaji walipoingia.

Baadhi yao walitoka ndani ya karakana yake. Mafundi waliowahi kumfanyia kazi walianzisha kampuni yao mjini humohumo Philadelphia, iliyojulikana kama Slotter, na kutengeneza bastola zilizofanana na zake. Kwa oda ya mfanyabiashara wa silaha wa San Francisco, A. J. Plate, waligonga juu yake jina la Deringer lenyewe. Waigaji walifika hata kumtafuta fundi cherehani aliyeitwa John Deringer, ili waweze kuuza bastola zenye jina hilo wakidai ni la mtu wao.

Mteja aliyenunua bandia alidanganywa mara moja. Deringer aliumia mara mbili. Alipoteza mauzo ya siku hiyo, na bastola hiyo ilipoharibika, lawama ilirudi kwake, kwa kuwa jina lililosomeka ni lake.

Mzee huyo aliamua kumshitaki Plate huko California. Utetezi uliegemea sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1863 iliyoweka utaratibu wa kusajili alama za biashara. Deringer hakuwa amesajili alama yake kwa mujibu wa sheria hiyo, kwa hiyo ilidaiwa kuwa hakuwa na haki ya kulindwa.

Shauri hilo lilifika Mahakama ya Juu ya California na limo katika kumbukumbu zake za mwaka 1865. Mahakama iliamua kwa upande wa Deringer. Ilieleza kuwa haki ya alama ya biashara hutokana na matumizi yake sokoni, na kwamba sheria ya usajili haikuifuta haki hiyo ya zamani. Aidha, haki hiyo haikuishia kwenye mpaka wa jimbo ambako fundi anaishi. Uamuzi huo uliendelea kutajwa katika historia ya sheria za alama za biashara nchini Marekani.

Jina lililokuwa la kila mtu

Mwaka uleule wa ushindi huo ndio uliokuwa mwaka wa mauaji ya Lincoln. Bastola iliyotumika ilihifadhiwa na serikali, na baadaye ikawekwa katika makumbusho ya Ford's Theatre. Sifa ambayo fundi huyo aliijenga kwa takriban miaka 60 iliunganishwa na tukio moja ambalo hakulitaka.

Deringer alifariki dunia Philadelphia mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 81. Miaka miwili baadaye, mwaka 1870, Marekani ilipata sheria yake ya kwanza ya kitaifa ya alama za biashara.

Baada ya kifo chake soko liliendelea na wengine. Teknolojia ya risasi zenye ganda la chuma iliondoa haja ya kushindilia baruti. Kampuni ya Remington ilianza mwaka 1866 kutengeneza bastola ndogo ya mitutu miwili, na iliendelea nayo hadi mwaka 1935. Watu waliziita bastola hizo zote kwa jina la mzee, wakiliandika kwa herufi r mbili badala ya moja. Jina la familia likawa jina la aina ya bidhaa, na familia yenyewe haikupata chochote kutoka kwa kila aliyelitumia.

Kwa mjasiriamali wa leo anayesindika asali, kusaga unga wa lishe au kukamua mafuta ya alizeti, hesabu ya Deringer iko wazi. Hataza hulinda uvumbuzi kwa muda fulani kisha huisha, kama ilivyoisha ya Colt. Alama ya biashara inaweza kudumu maadamu inahuishwa na kutumiwa. Deringer alishinda bila usajili, lakini alilazimika kuendesha kesi mbali na nyumbani, uzeeni, huku bandia zikiendelea kuuzwa.

Kwa upande wa Tanzania Bara, usajili wa alama za biashara hufanywa na BRELA, na usajili huo hauigusi Zanzibar, ambayo ina utaratibu wake. Anayeuza pande zote mbili anapaswa kusajili pande zote mbili. Ni vyema kufanya hivyo wakati jina bado ni dogo, kwa sababu likishakuwa kubwa, watakaolitaka watakuwa wengi.