Edsger Dijkstra, Mtu Aliyezipangia Kompyuta Zamu

Nilipokuwa Kidato cha Kwanza niliadhibiwa kwa sababu ya pasi. Bweni letu lilikuwa na pasi moja tu. Asubuhi moja, nikiwa katikati ya kunyoosha shati, wavulana wa Kidato cha Tatu waliniita nikawatekee maji. Niliifungia pasi sandukuni nikaenda. Kiranja mkuu akaja kuitaka, akaningoja mpaka akachelewa mstarini. Nilipewa adhabu ya kufyeka majani. Niliona nimeonewa, lakini sikuweza kueleza kosa lilikuwa la nani. Jibu nililipata katika habari za Mholanzi mmoja, nami nataka kuwasimulia maisha yake.

Edsger Dijkstra alizaliwa tarehe 11 Mei, 1930, katika mji wa Rotterdam. Baba yake alifundisha kemia katika shule ya sekondari, na mama yake alikuwa hodari wa hesabu. Kwanza alitaka kusoma sheria, lakini kwa kuwa alifaulu sana katika sayansi, alikwenda Chuo Kikuu cha Leiden kusomea fizikia. Mwaka 1951 alihudhuria mafunzo ya majuma matatu ya kuandika programu huko Cambridge, Uingereza, na mwaka uliofuata akaanza kazi hiyo Amsterdam. Ilikuwa kazi ngeni kabisa. Alipooa mwaka 1957, wakuu wa mji hawakukubali kuiandika katika cheti cha ndoa. Ikabidi aandikwe kuwa ni mwanafizikia.

Wakati huo ilikuwa ikitengenezwa kompyuta iliyoitwa X1. Chombo chochote kilichohitaji huduma ya upesi kiliweza kuikatiza kazi yake wakati wowote. Dijkstra aliogopa, kwa maana kosa litokealo kwa bahati huenda lisirudi tena likaonekana. Kwa hiyo hakutegemea kubahatisha. Aliitunga programu ya kupokea miito hiyo kwa hoja za uangalifu, na kwa maandishi juu ya kazi hiyo akapata udaktari mwaka 1959.

Mwaka 1962 akawa profesa mjini Eindhoven. Huko, yeye na wenzake wachache walitunga mfumo endeshi, yaani programu inayozisimamia programu nyingine na kuzigawia zamu. Habari zake zilichapishwa mwaka 1968. Ndani yake mlikuwa na semafo, jina lililotokana na milingoti ya ishara za reli. Semafo ni hesabu tu. Kazi inayotaka kitu kinachotumiwa na wengi hupunguza moja. Ikikuta sufuri, hungoja. Ikimaliza huongeza moja, na iliyokuwa ikingoja hupata nafasi.

Mwaka 1993 semafo ziliingizwa katika kanuni za POSIX, pamoja na taratibu za kupanga kazi kwa vyeo, ili kazi isiyoweza kucheleweshwa itangulie. Mifumo ikizifuata kanuni hizo sawasawa, programu iliyoandikwa kwa mmoja huweza kuhamishiwa mwingine bila kuandikwa upya yote.

Lakini cheo peke yake hakitoshi. Tarehe 4 Julai, 1997, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua katika sayari ya Mirihi. Baada ya siku chache kompyuta yake ikawa inajizima na kuanza upya. Kazi ndogo ya kupima hali ya hewa ilikuwa imeshika semafo. Kazi za cheo cha kati zikaikatiza. Na kazi kubwa ikaingoja semafo ile mpaka muda wake ukapita. Niliposoma hayo nilishtuka. Ilikuwa pasi yetu! Mafundi walipeleka amri kutoka duniani kwamba mwenye semafo aazimwe cheo cha anayemngoja, mpaka aiachie. Kompyuta ikatulia.

Dijkstra alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1972, na tangu 1984 hadi 1999 alifundisha Texas, Marekani. Alipenda kuandika kwa kalamu ya wino, na maandishi yake yalipita 1,300. Alifariki kwake Nuenen, Uholanzi, tarehe 6 Agosti, 2002.

Sasa niko Kidato cha Nne. Bwenini tumeweka sheria: mwenye pasi asitumwe na mtu yeyote mpaka amalize. Tangu hapo hakuna aliyefyeka majani kwa ajili ya pasi.