Edward Saidi Tingatinga: Mhudumu wa Muhimbili Aliyechora Baada ya Kazi

Ukiingia sebule nyingi za Watanzania hapa Toronto, hukosi picha ya Tingatinga ukutani. Ya kwetu iko juu ya kochi, twiga wawili na ndege wekundu. Tulikuja nayo ikiwa imeviringishwa ndani ya sanduku, katikati ya vitenge na pakiti za majani ya chai. Kwa miaka mingi tuliipita tukienda kazini na tukirudi, bila kujiuliza Tingatinga mwenyewe alikuwa nani. Watoto ndio waliotuumbua. Mdogo wetu alidhani picha hizo zimepewa jina la lile tingatinga la kusukuma udongo barabarani, na tunakiri kwamba jibu letu halikulizidi sana swali lake.

Mwaka huu jambo hilo limetugusa kwa karibu zaidi. Binti yetu mkubwa ameanza chuo cha sanaa hapa mjini, na amejiwekea sharti la kuchora picha moja kila siku, hata iwe ndogo kama kiganja, hata siku ya mtihani. Nyumbani kwetu mkate unatoka hospitalini. Shahada ya uuguzi tuliisomea ugenini, usiku, watoto wakiwa wamelala, na tulitamani naye ashike njia hiyohiyo. Tulimweleza kwamba kuchora ni kazi ya kufanya mtu akishatoka kazini. Tulipokaa kutafuta habari za Tingatinga ili tuziandike katika toleo hili la Uhuru, tukakuta kwamba ndivyo alivyoanza.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini kabisa, upande wa mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima. Shule aliipata kidogo tu. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, alifunga safari ndefu kwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, ambako wafanyakazi kutoka mbali waliitwa manamba. Wazee wetu waliopitia huko wanakumbuka miiba ya mkonge hadi leo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 akahamia Dar es Salaam, alikokuwa na ndugu aliyemtangulia. Akapata kazi ya nyumbani na ya bustani kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa mtumishi wa serikali. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961, Waingereza wakaanza kuondoka, na kazi ile ikaisha. Hapo akaishi kama wanavyoishi wengi mjini. Leo kibarua cha ujenzi, kesho kuuza mboga, na katikati yake muziki, maana alikuwa pia katika kikundi cha wapiga muziki. Sisi tuliofika Canada na vyeti ambavyo havikutambuliwa, tukaanza na kazi za usafi na maghala, maisha hayo tunayaelewa bila kufafanuliwa.

Mwaka 1968 akaanza kuchora. Alikuwa na miaka 36 na hakuwahi kukaa darasa la sanaa. Wakati huo nchi ilikuwa na msanii msomi, Sam Ntiro, aliyesoma Makerere na baadaye London, na aliyewahi kuwa balozi wetu Uingereza. Njia ya Ntiro haikuwa wazi kwa kibarua kutoka Tunduru. Tingatinga alikwenda dukani akanunua vilivyokuwepo. Badala ya kitambaa cha wachoraji alitumia silingibodi, ule ubao mwembamba wa dari, akaukata mraba. Badala ya rangi za wachoraji akachukua rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli.

Vifaa hivyo ndivyo vilivyomfundisha kuchora. Rangi ya mafuta haikubali haraka. Kwanza unapaka ubao mzima rangi moja, unauweka ukauke, kisha unachora mnyama, unasubiri tena, ndipo unarudi kuweka madoa ya chui au manyoya ya ndege. Huwezi kuimaliza kwa siku moja hata ukitaka. Inabidi urudi kesho, na keshokutwa, kila siku kidogo. Mnyama wake mara nyingi ni mmoja tu, anaujaza ubao wote, macho yakimtazama anayetazama. Watu walioona picha hizo kwa mara ya kwanza walicheka kwa furaha, na bado wanacheka.

Katika miaka hiyohiyo alipata ajira katika hospitali ya Muhimbili, kama mhudumu anayewasaidia wauguzi. Hapa tuliposoma tuliweka karatasi chini. Tunaijua kazi hiyo kwa migongo yetu. Ni kugeuza wagonjwa, kubadilisha shuka, kusukuma vitanda, kuitwa huku na kule, na mshahara ni wa chini kuliko wa wote wodini. Sisi tukishuka basi kule Scarborough baada ya shifti ya saa 12, giza la Desemba likiwa limeshafunga, nguvu inayobaki ni ya kupasha chakula tu. Yeye alirudi nyumbani akashika brashi.

Soko alilipata Oysterbay, kwenye maduka ya Morogoro Stores, ambako wageni waliokaa mtaa huo walinunua mahitaji yao. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, na mkewe akashiriki katika biashara ya kuuza picha. Walipata watoto wawili, Daudi na Martina. Baadaye kampuni ya umma iliyoshughulika na sanaa ikaanza kununua kazi zake, na fedha ikawa ya kutegemewa kidogo.

Wateja walipozidi, hakufungua darasa. Aliwaita jamaa zake waje nyumbani. Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda na Casper Tedo walikaa naye, wakatazama, wakasaidia, kisha wakachora vya kwao. Wako wanaosema hiyo si sanaa, ni bidhaa ya watalii, kwa sababu mmoja anachora na watano wanafuata. Hatukubaliani nao. Uuguzi pia tulijifunza hivyo, kwa kusimama nyuma ya dada mkuu wa wodi na kurudia mikono yake hadi ikawa mikono yetu.

Usiku mmoja wa mwaka 1972 alikuwa ndani ya gari na rafiki zake, mjini Dar es Salaam. Polisi walilidhania gari hilo kuwa la wezi wanaokimbia, wakalipiga risasi. Tingatinga akafa, akiwa na miaka 40, akaacha mjane kijana na watoto wadogo. Tumeona vifo vingi katika kazi yetu, na kifo cha makosa ya mtu mwingine ndicho familia haijui ikipeleke wapi. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Wanafunzi wake walibaki bila mwalimu, lakini hawakuweka brashi chini. Mpata alihamia Nairobi na kuendeleza kazi huko. Waliobaki Dar es Salaam walichora pale pale Oysterbay, wakawafundisha wadogo zao na watoto wao, na mwaka 1990 wakaandikisha chama cha ushirika kwa jina la Tingatinga. Mwaka 2010 jina hilo likaingia kwenye televisheni, katika katuni za wanyama zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo wake, na baadhi ya watoto wetu walizitazama bila kujua kwamba ni urithi wa mtu wa Tunduru.

Binti yetu amesoma habari hizi kabla hazijapelekwa kwa mchapishaji, akasahihisha maelezo yetu ya rangi mara mbili. Bado tunamsihi achukue somo moja la kumpatia ajira, naye bado anachora kila siku. Picha ya jana ilikuwa viatu vyetu vya kazini, mlangoni, vikitiririka maji ya theluji.

Siku ya sherehe, yeye na wenzake wataweka meza nyuma ya ukumbi, karibu na chai. Kutakuwa na vibao vya mraba kwa kila mtoto, brashi na rangi. Tumechagua rangi za maji, si za baiskeli, kwa kuheshimu zulia la watu. Hata hivyo, wazazi wavalisheni watoto shati la zamani juu ya nguo za sherehe. Vibao vitaachwa vikauke, na vitachukuliwa baada ya chakula.