David Livingstone

David Livingstone (19 Machi 1813 – 1 Mei 1873) alikuwa daktari, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti. Anajulikana kwa safari zake katika Afrika ya Kusini, ya Kati na ya Mashariki na kwa kupinga biashara ya watumwa. Ramani zake ziliwapa Wazungu picha mpya ya mito ya Zambezi na Shire pamoja na Ziwa Nyasa, lakini maporomoko ambayo hakuyaona yalivunja mpango wake mkubwa.

Maisha ya awali

Alizaliwa Blantyre, karibu na Glasgow, katika familia maskini. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kufanya kazi katika kiwanda cha pamba, akisoma jioni baada ya kazi. Baadaye alisomea tiba, na mwaka 1841 alifika Afrika Kusini akiwa mmisionari. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari Robert Moffat. Huko Cape Town mwanaastronomia Thomas Maclear alimfundisha kupima longitudo na latitudo kwa kutazama jua, mwezi na nyota.

Mosi-oa-Tunya

Tarehe 16 Novemba 1855 Wakololo walimfikisha kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya katika mto Zambezi, naye akayaita Victoria kwa heshima ya malkia wa Uingereza. Kuyachora hakukuwa rahisi: mto wote unatumbukia katika ufa mwembamba unaoukata, hivyo mtu aliyesimama ukingoni huona sehemu tu, tena kupitia mvuke. Mwanzoni alikadiria upana wa mita 900 hivi. Mwaka 1860 alirudi, akapima kwa sekstanti na kupata takriban mita 1,700. Ili kujua kina, alishusha kamba yenye risasi na kipande cha kitambaa cheupe. Alichora pia ufa huo jinsi unavyoonekana kutoka juu. Leo upana unatajwa kuwa mita 1,708 na kimo mita 108.

Kebrabasa

Mwaka 1856, akifuata Zambezi kuelekea baharini, aliuacha mto na kupita njia ya mkato ya nchi kavu hadi Tete. Kwa hiyo hakuliona korongo la Kebrabasa (leo Cahora Bassa, Msumbiji), lenye magenge na maji yaendayo kasi. Alipofika Uingereza alieleza kwamba meli zingeweza kupanda Zambezi hadi mbali barani, zikileta biashara halali badala ya biashara ya watumwa. Serikali ilimtuma tena mwaka 1858, lakini meli yake ya mvuke ilizuiwa na Kebrabasa mwaka huohuo.

Aligeukia mto Shire, nako akakuta maporomoko. Alisonga mbele kwa miguu na kufika Ziwa Nyasa mwezi Septemba 1859. Mkewe Mary alifariki kwa homa huko Shupanga tarehe 27 Aprili 1862. Mwaka 1863 serikali iliagiza msafara urudi.

Mto Ruvuma

Kwa kuwa Wareno walishika mdomo wa Zambezi, Livingstone alitumaini kwamba Ruvuma unatoka Ziwa Nyasa na ungekuwa njia nyingine ya meli. Mwaka 1861 maji yalipungua, akarudi. Mwaka 1862 aliupanda tena kwa mashua pamoja na John Kirk, mpaka miamba ikawazuia. Kumbe Ruvuma hautoki ziwani: chanzo chake ni milima ya Matogoro karibu na Songea, na maji ya Ziwa Nyasa hutoka kwa mto Shire.

Safari ya mwisho na kifo

Mwaka 1866 alishuka Mikindani, akaufuata Ruvuma kwa miguu kabla ya kuelekea Ziwa Nyasa. Miaka iliyofuata alitafuta chanzo cha Nile, akidhani huenda Lualaba ni sehemu yake. Kumbe ni sehemu ya mto Kongo. Alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake hapo, kisha wakaubeba mwili wake pamoja na maandishi yake hadi Bagamoyo. Alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874.

Milima ya Livingstone, yenye miteremko mikali juu ya Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, ina jina lake.