Che Guevara na Lugha ya Kiswahili

Ernesto Guevara alizaliwa mwaka 1928 katika mji wa Rosario, nchi ya Argentina, ambako watu husema Kihispania. Tangu utotoni aliugua pumu, lakini maradhi hayo hayakumzuia kucheza raga wala kusoma vitabu vingi. Alisomea udaktari katika mji wa Buenos Aires. Mwaka 1952, kabla ya kumaliza masomo yake, alisafiri na rafiki yake Alberto Granado. Walianza safari kwa pikipiki, na huko Peru wakakaa katika kambi ya wenye ukoma. Safari hiyo ilimwonyesha umaskini wa watu wengi.

Mwaka 1955 alikutana na Fidel Castro nchini Mexico. Mwaka uliofuata watu 82 walivuka bahari kwa mashua moja kwenda Cuba kupigana na serikali ya Batista. Wacuba walimwita Che, neno ambalo Waargentina hulitumia kumwita mtu, kama sisi tusemavyo ewe. Batista alikimbia tarehe 1 Januari, 1959. Kisha Che akawekwa kuwa mkubwa wa ngome ya La Cabaña, ambako wengi wa serikali ya zamani walihukumiwa na kupigwa risasi. Kwa hiyo mpaka leo wako wamsifuo na wako wamlaumuo. Baadaye akawa Waziri wa Viwanda.

Basi, mwezi wa Aprili, 1965, Che alifika Dar es Salaam kwa siri, akaenda Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kuwasaidia wapiganaji wa Kongo. Wacuba walipewa majina kutoka katika kamusi ya Kiswahili. Victor Dreke aliitwa Moja, mwingine Mbili, na Che mwenyewe akaitwa Tatu. Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa kijana Mkongo, Freddy Ilanga, wa umri wa miaka 16 hivi. Baadaye kijana huyo alipelekwa Cuba, akasoma, akawa daktari mpasuaji wa ubongo.

Vita vile havikufanikiwa, na mwezi wa Novemba Che aliondoka. Alipokuwa akiandika habari zake katika ubalozi wa Cuba, Dar es Salaam, alijilaumu kwamba hakujifunza Kiswahili upesi wala vema. Kifaransa alikijua, akaweza kusema na wakubwa. Lakini askari wa kawaida, waliosema Kiswahili, walibaki mbali naye. Wala hakuzielewa vizuri desturi zao.

Baadaye alikwenda Bolivia. Safari hii wapiganaji walijifunza Kikechua, kumbe wenyeji wa sehemu ile walisema Kiguarani! Wakulima hawakujiunga nao. Tarehe 8 Oktoba, 1967, Che alikamatwa, akafungwa katika chumba cha shule ya kijiji cha La Higuera, na siku ya pili akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Wasomaji wapenzi, twajifunza nini? Mtu aweza kuwa shujaa, tena msomi, lakini asipoijua lugha ya watu na desturi zao, atakuwa mgeni kwao hata akiwa tayari kufa pamoja nao. Wasemao Kihispania si watu wa mbali na sisi. Hapa Kibaha kipo kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba. Na katika mabweni yetu tumechanganyika Wazaramo, Wakwere, Wasukuma, Wahaya na wengine, kila mmoja na mila zake. Kiswahili kimetukutanisha bila jasho letu. Basi, tunapoadhimisha Siku ya Kiswahili tarehe 7 Julai, tusiishie kuimba na kucheza ngoma. Tusimcheke mwenzetu kwa lafudhi yake. Tumwulize kwao wanasalimianaje, kisha tumwitikie.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne